Kumfundisha mbwa kurudi anapoitwa: uzi wa wafugaji wa Tanga mjini na vitongojini

Mleta uzi, Sahare

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimelifungulia jambo hili uzi wake kwa sababu kila nipitapo Sahare, Raskazone au Mwahako wakati wa jioni, huona mtu akimwita mbwa wake mara nyingi mfululizo, kila mara kwa ukali zaidi, huku mbwa mwenyewe akiwa amesimama pembeni ya barabara akimtazama tu, au akiendelea kunusa vifuu vya nazi kana kwamba hajasikia lolote. Mji wetu nyumba zake zimekaribiana na nyingi hazina ukuta. Waumini huenda msikitini alfajiri kungali giza, watoto huenda madrasa alasiri, na bodaboda hukata kona bila kupunguza mwendo. Katika mazingira kama haya, mbwa anayerudi anapoitwa ni haki ya jirani kabla hajawa fahari ya mwenye mbwa, na ndiyo maana naomba tulizungumze kwa kina.

Msimamo wangu ni huu: mbwa harudi kwa kuwa Mungu ametuamuru tuwe mabwana zake, wala harudi kwa kuwa anaona haya. Hurudi kwa sababu kila aliporudi huko nyuma alikuta heri. Wengi wetu humfundisha mbwa asirudi, na tunafanya hivyo kila siku. Tunamwita ili tumfunge mnyororo, tunamwita ili tumwogeshe dawa ya kupe, tunamwita ili tumchape kwa kosa alilofanya nusu saa iliyopita, kisha tunashangaa anaposimama mbali. Yeye hakumbuki kosa la nusu saa iliyopita. Anachokijua ni kwamba aliitwa, akaja, akapigwa.

Elimu hii si ngeni kwetu. Wanaoifahamu kazi ya Ivan Pavlov, mwanasayansi wa Urusi aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake juu ya umeng'enyaji wa chakula, wanajua kwamba mbwa wake walianza kutokwa na mate kwa kusikia tu mlio uliokuwa ukitangulia chakula. Hapa hapa nchini, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kule Morogoro, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya yule husikia mlio mfupi wa kibonyezo, kisha hupewa kipande cha ndizi au chakula kingine akipendacho. Mlio ukawa ahadi, na ahadi ikawa inatimizwa kila mara. Panya mmoja aliyezaliwa huko, Magawa, alipewa nishani ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake ya kutafuta mabomu nchini Kambodia. Ikiwa panya amefikishwa hapo kwa ndizi na subira, sioni kwa nini mbwa wa Makorora ashindwe kufika mlangoni kwake.

Sasa niingie katika utendaji.

Anzeni ndani ya nyumba au katika ua uliofungwa, mahali pasipo na kitu kingine cha kumvutia. Tayarisheni chakula ambacho mbwa hakipati wakati mwingine wowote. Dagaa wakavu wanafaa sana kwa sababu harufu yao ni kali na bei yao inavumilika. Mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa na kukatwa vipande vya ukubwa wa punje ya hindi yanafaa zaidi. Ugali mkavu haufai, kwa sababu huo anaupata bila kuitwa. Epukeni chokoleti, zabibu na mabaki yenye vitunguu, kwani ni sumu kwake, na msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa, maana huvunjika vipande vikali.

Chagueni wito mmoja wa nyumba nzima. Baba akiita hivi, mama vile na watoto wakipiga mluzi wao, mbwa ana lugha tatu za kujifunza. Tena ni vema wito usiwe neno linalotamkwa mchana kutwa kwa watoto, kwa sababu atalisikia mara nyingi pasipo jambo lolote kumhusu, na atajifunza kulipuuza. Iteni mara moja tu, kwa sauti ya furaha. Mkiita mara tano ndipo mkanyamaza alipofika, mmemfundisha kwamba wito wa tano ndio wa kweli.

Anapokugeukia, usimfuate. Rudi nyuma hatua kadhaa, chuchumaa, umpe ubavu badala ya kumkabili uso kwa uso. Mbwa hupenda kumfuata anayeondoka, na humkimbia anayemjia. Akifika, mpe kipande chake pale pale karibu na mguu wako, wakati ule ule, si baada ya kufungua kikopo na kutafuta. Kisha shika mkanda wake wa shingoni kwa upole, mpe kipande cha pili, halafu mwachie aendelee na shughuli zake. Sehemu hii ya kumwachia ndiyo wengi huiruka, nami naiona kuwa ndiyo roho ya mafunzo yote. Mbwa akijua kwamba kuja hakumaanishi mwisho wa matembezi, hana sababu ya kukataa. Muuza duka anayelipwa kila jioni hakatai kukopesha asubuhi.

Akishazoea ndani, nendeni nje kwa kamba ndefu ya mita kumi hivi. Nasisitiza kamba, kwa sababu mbwa aliyeachiwa huru kabla ya wakati wake hujifunza jambo moja kubwa, kwamba kutorudi kunawezekana. Sisi watu wa Tanga mkono wetu hukimbilia kamba ya katani kwa kuwa mkonge ndio umelea mji huu, lakini kwa kazi hii sikushaurini: ikivutwa kwa kasi huchuna viganja, na ikilowa umande huwa nzito na kushika mafundo. Chukueni kamba laini bapa kama ya mikanda ya mabegi, na ifungwe kwenye mkanda wa kifuani, si wa shingoni, ili mbwa akifika mwisho wa kamba kwa mbio asiumie koo. Kamba hiyo si ya kumburuta. Kazi yake ni kumzuia asipate faida ya kukimbia, basi.

Kuhusu sauti, wakati wa kusi ufukweni sauti ya mtu hupotea, na filimbi husaidia. Patricia McConnell, mtafiti wa Marekani, alionyesha mwaka 1990 kwamba watoto wa mbwa huchangamka na kuja zaidi wanaposikia milio mifupi inayofuatana kwa haraka kuliko mlio mmoja mrefu. Kwa hiyo pigeni filimbi fupi fupi, tatu au nne. Ule mluzi mrefu unaoshuka, ambao wengi wetu huupiga, unafaa zaidi kumtuliza mnyama kuliko kumwita.

Kwa watoto wa mbwa niseme kidogo tu. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu hukufuata mwenyewe kwa kuwa anaogopa kuachwa, na mwenye mbwa hudhani amekwisha kufundishika. Akifikia takribani miezi sita ulimwengu humpendeza kuliko wewe, na ghafla anakuwa kiziwi. Tumieni miezi ile ya mwanzo kuweka akiba.

Nakaribisha michango.

Mchangiaji, Pongwe

Ndugu mleta uzi, shukrani kwa somo. Mimi nina mbwa wa ulinzi mwenye umri wa miaka minne. Mchana hufungwa bandani, saa nne usiku hufunguliwa. Tatizo ni asubuhi. Akisikia mnyororo ukilia mkononi mwangu, huenda kusimama nyuma ya michongoma ya jirani na kunitazama kupitia majani. Nikisogea hatua moja, naye husogea hatua moja. Watoto wanachelewa shule kwa sababu geti haliwezi kufunguliwa wakati yeye yuko nje. Je, kwa umri huu bado anafundishika, au nimwache kama alivyo?

Mleta uzi

Ndugu yangu wa Pongwe, anafundishika kabisa, na kwa kweli maelezo yako yanaonyesha kwamba ni mwanafunzi hodari, kwani amejifunza mnyororo ni nini na amejifunza umbali wa mkono wako.

Ningeanza kwa kubadilisha saa ya chakula. Ikiwa anashiba jioni, asubuhi huna kitu cha kumwambia. Chakula chake kikubwa kihamie asubuhi, na kiwekwe ndani ya banda lenyewe. Mnyororo usiushike mkononi tena. Uache umefungwa pale bandani siku zote, ili usiwe tangazo. Wito wa zamani uachwe, maana kwake umekwisha kuharibika, na uanze mwingine mpya ambao hajawahi kuusikia. Kwa muda, mwite kwa wito huo mchana akiwa bado amefungwa, ukiwa hatua mbili tu kutoka kwake, na kila mara umpe dagaa. Yeye hawezi kukosea akiwa hapo, na wito unajengwa.

Baadaye, asubuhi, mwite aingie bandani ale. Mwache amalize kwa utulivu. Siku nyingine mfungie mlango tu bila mnyororo. Siku nyingine mwite, ale, kisha mtoe tena uani dakika chache kabla ya kumrudisha. Asiweze kamwe kutabiri kwamba kuingia ni kufungwa. Na iwapo kuna ndugu mwingine nyumbani mwenye subira, mpeni kazi hiyo yeye, kwa sababu wewe tayari anakujua kama mtu wa mnyororo.

Ningeongeza jambo moja ambalo hukuliuliza. Mbwa anayekaa kwenye mnyororo mfupi mchana kutwa ana kiu kubwa ya kutembea, na kiu hiyo inashindana na wito wako kila siku. Ukimtembeza kwa kamba jioni, jua likishapungua, asubuhi yako itakuwa nyepesi.

Mchangiaji, Chumbageni

Kwa heshima zote, naona mnawadekeza wanyama hawa. Wazee wetu hawakuwa na dagaa wa kumpa mbwa. Fimbo ilikuwepo, na mbwa walikuwa wakirudi.

Mleta uzi

Mzee wangu, shikamoo. Ni kweli walikuwa wakirudi, lakini naomba umtazame mbwa wa fimbo anavyorudi. Hushusha kiwiliwili, hulaza masikio nyuma, mkia anaubana tumboni, na hatua tatu za mwisho huzivuta polepole huku akitazama pembeni. Hatua hizo tatu ndizo zinazokosekana siku bodaboda inapokuja. Mbwa anayelipwa hukimbia moja kwa moja hadi kwenye miguu yako, kwa sababu anakuja kwa hamu. Tena fimbo ina mipaka ya mkono. Mbwa akishakuwa nje ya mkono huo, na hasa usiku, haina kauli.

Pia tukumbuke kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na kumtesa mnyama ni kosa. Silileti hili kukutisha, mzee wangu. Nalileta kwa sababu njia isiyo na mateso ndiyo pia inayofanya kazi vizuri zaidi, kwa hiyo hatupotezi kitu.

Mchangiaji, Ngamiani

Assalamu alaikum. Nashukuru kwa namna uzi huu ulivyowafikiria majirani. Ningependa kuchangia kwa upande wetu sisi Waislamu, ambao katika mji huu ndio tuliowazunguka wafugaji wengi wa mbwa, na baadhi yetu pia tunafuga kwa ajili ya ulinzi wa mali na mifugo.

Watu husema dini haina habari na mbwa aliyefundishwa, na hilo si sahihi. Qur'ani Tukufu, Surat Al-Maida, aya ya 4, inataja wanyama wa kuwinda waliofunzwa, na kuhalalisha mawindo yao. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yetu katika mwambao, wanapoeleza ni mbwa yupi ahesabiwe kuwa amefunzwa, miongoni mwa masharti yao ni kwamba akitumwa huenda na akizuiwa huzuilika. Kwa hiyo utiifu kwa sauti ya mwenyewe ni alama ya mafunzo iliyokwisha kutajwa zamani, na mfugaji Mwislamu anayeitafuta yuko mahali pake.

Kuhusu mate, ambayo ni najisi kwetu, njia ni rahisi. Chakula cha zawadi kisitolewe kwa kiganja. Kidondoshwe chini karibu na mguu, au kiwekwe katika kisahani cha bati ambacho ni cha mbwa peke yake. Nimeona mfugaji mmoja mtaani kwetu akitumia mwiko wa mbao wenye mpini mrefu: mbwa hufika, hulamba kipande mwikoni, hurudi zake, na kanzu ya mtu inabaki safi.

Ombi langu kwa wafugaji wote ni saa ya alfajiri. Watu wametia udhu, wanapita gizani, na mbwa anayewajia hata kwa kucheza huwafadhaisha na kuwarudisha nyumbani kuanza upya. Mafunzo ya nje yafanyike jua likishachomoza.

Mleta uzi

Wa alaikumu salaam, na Mungu akulipe kheri. Ule mwiko wa mbao nitaupendekeza hata kwa wasio Waislamu, kwa sababu unamzuia mbwa mwenye pupa asikung'ate vidole. Kuhusu saa, naunga mkono: kuanzia saa moja asubuhi kunakuwa kweupe na joto bado halijapanda. Mchana si wakati wa kumkimbiza mbwa kwenye mchanga wa pwani yetu. Hatoki jasho mwilini kama sisi, hupoza mwili zaidi kwa kuhema, na unyevu wa hewa ya hapa humchosha upesi.

Mchangiaji, Kiomoni

Mimi niko karibu na mapango ya Amboni, ambako mbuzi na kuku wa kienyeji wanazurura kila mahali. Mbwa wangu anarudi vizuri sana nikiwa peke yangu naye, kwa dagaa na kwa filimbi. Akiona mbuzi, dagaa hawana thamani tena. Nifanyeje?

Mleta uzi

Hili ndilo gumu kuliko yote, ndugu, na sitakuahidi wepesi. Kumfukuza mbuzi ni zawadi yenyewe. Mbwa anajilipa kwa kila hatua anayokimbia, na hakuna dagaa anayeweza kushindana na malipo hayo akishaanza kukimbia. Kwa hiyo kazi yako iko kabla ya mbio. Mwangalie mbwa, usimwangalie mbuzi. Kabla hajaondoka, masikio husimama, mdomo uliokuwa wazi ukihema hufungwa, uzito huhamia miguu ya mbele, na mkia hutulia tuli. Hapo ndipo pa kuita. Ukingoja akishapaa umechelewa, na wito unaotupwa nyuma ya mbwa anayekimbia unamfundisha tu kwamba wito huo unaweza kupuuzwa.

Anza ukiwa mbali sana na mbuzi, umbali ambao mbwa anawaona lakini bado anaweza kula. Akikataa kula, uko karibu mno, rudi nyuma. Sogea kwa siku nyingi, kamba ikiwa imefungwa wakati wote. Zawadi hapa iwe kubwa kuliko ya nyumbani, utumbo wa kuku uliochemshwa kwa mfano, na baada ya zawadi kimbia naye upande mwingine ili hamu yake ya kukimbia ipate pa kwenda.

Na nikuambie wazi: wapo mbwa ambao, wakishaonja mbio na hasa wakishaua, hawatakiwi kuachiwa tena mahali penye mifugo. Kumweka mbwa kwenye kamba maisha yake yote karibu na mbuzi wa watu si kushindwa. Kuku wa jirani ni ada ya shule ya mtoto wake.

Mchangiaji, daktari wa mifugo

Nichangie kwa ufupi. Wafugaji wanapoleta malalamiko ya ukaidi, mimi huanza na masikio. Kupe wa pwani hupenda kujificha ndani ya sikio, na uambukizo wa sikio ni wa kawaida katika hali ya hewa yenye unyevu kama yetu. Mbwa anayetikisa kichwa mara kwa mara, anayejikuna sikio moja, au mwenye harufu mbaya sikioni, aonwe kwanza na mtaalamu. Mbwa mzee pia hupoteza usikivu polepole. Huyo afundishwe ishara ya mkono, ambayo huielewa vizuri.

La pili ni zito. Mbwa aliyekuwa mtiifu akibadilika ghafla, akawa hamtambui mwenyewe, anatangatanga, anang'ata vitu ovyo, anatokwa na mate mengi au anashindwa kumeza, msimwite na msimkaribie. Hizo zinaweza kuwa dalili za kichaa cha mbwa. Toeni taarifa kwa ofisi ya mifugo iliyo karibu. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo hata kama jeraha ni dogo, kwa kuwa ugonjwa huu ukishaonyesha dalili kwa binadamu karibu kila mara huua. Chanjo ya mbwa huanza akiwa na umri wa miezi mitatu hivi na hurudiwa. Ambaye mbwa wake anarudi anapoitwa, na anayekubali kushikwa mkanda, hapati shida siku ya chanjo. Nimewaona wengi wakirudi nyumbani bila kuchanja kwa sababu tu mbwa hakukamatika.

Mchangiaji, Pongwe

Nimerudi. Nimehamisha chakula na nimeacha mnyororo bandani kama ulivyoshauri. Anaingia kula, ila nikisimama mlangoni hutoka. Jana mke wangu ndiye aliyesimama, akaingia bila wasiwasi. Sasa nauliza, kwa wale wanaofika hatua ya kamba ndefu, kamba hiyo inavuliwa lini? Na mimi nina jike, kuna wakati hasikii la mwadhini.

Mleta uzi

Vizuri sana, basi mama watoto aendelee, nawe ukae mbali kidogo ukidondosha dagaa unapopita, bila kumwita na bila kumtazama, hadi akuzoee upya.

Kamba haivuliwi siku moja. Kwanza iache iburute chini bila wewe kuishika, ukiwa katika eneo lililofungwa. Akiwa anarudi kwa wito mmoja hata watu na kuku wakipita, ikate ibaki nusu. Baadaye ibaki kipande cha urefu wa mkono, ambacho kazi yake ni kumkumbusha tu uzito ule kifuani. Zawadi nayo usiikate ghafla. Akishaimarika, unaweza kumpa mara nyingine dagaa, mara nyingine sifa na kukwaruzwa kifuani, bila mpangilio anaoweza kuukisia. Wito wa hatari, kama ule wa barabarani, ulipwe kila mara na ulipwe vizuri.

Kuhusu jike, wakati asiosikia huenda ni wa joto la kutaka dume, ambalo kwa wengi huja takribani mara mbili kwa mwaka na hudumu kama wiki tatu. Katika wiki hizo usijaribu mafunzo ya nje, wala usitegemee kamba. Mfungie ndani ya ua wenye ukuta, uhakikishe hakuna tundu chini ya geti, kwa sababu madume wa mtaa mzima watalitafuta kabla yake, na mafunzo yaendelee uani kwa dakika chache tu, asubuhi na jioni.